Katriji Hii Itaelewana na Mkono wa Pleya Yangu?

Swali ni lilelile kila mara, maneno tu ndiyo hubadilika. "Nimeletewa katriji nzuri kutoka Uingereza, nimeifunga, mbona santuri inaruka?" "Mbona wufa inapumua kama samaki aliyetolewa majini, na wimbo wenyewe haujaanza?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti, basi haya hapa yote kwa pamoja.

Tanga la jahazi huliweki kwenye ngalawa, hata liwe zuri namna gani. Kuna katriji zinazotaka mkono mzito na kuna zinazotaka mkono mwepesi, na bei haikwambii ipi ni ipi. Nimesikia katriji ya bei ya chini ikiimba vizuri kwenye mkono unaoifaa, na ya bei mara tano ikitapatapa kwenye mkono usioifaa.

Tuelewane maneno kwanza. Pleya ni mashine nzima ya kuchezea santuri. Mkono ni ule mti unaotembea juu ya santuri. Hedisheli ni kile kibao cha mbele ya mkono kinachobeba katriji, na kwenye pleya nyingi kinachomoka. Katriji ni kile kidude chenye sindano. Mkanyago ni uzito ambao sindano inakanyagia santuri.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Karatasi ya vipimo ya katriji na ya pleya. Kama zimepotea, tafuta mtandaoni kwa jina kamili na namba. Pleya za Technics SL-1200 na SL-1200MK2 si kitu kimoja.
- Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Zipo za kupimia mkanyago hasa. Mizani ya sonara inafaa pia, ila kama sahani yake ni ya chuma kinachonaswa na sumaku, itakudanganya, kwa sababu ndani ya katriji kuna sumaku.
- Bisibisi ndogo isiyo na sumaku, kibano chembamba, tochi.
- Karatasi ya kupangia pembe ya katriji. Ukiichapisha mwenyewe, pima kwa rula kwanza uhakikishe printa haikuipunguza.
- Kalkuleta yenye alama ya kipeuo cha pili. Ya simu inatosha.
- Santuri moja usiyoihurumia, ikiwezekana iliyopinda kidogo. Ukikaa pwani hutaikosa.

Kama pleya yako ni ya begi, zile ndogo zenye spika ndani na mkono wa plastiki usio na uzito wa nyuma, ishia hapa. Katriji yake haibadilishwi. Utabadilisha sindano tu, inayofanana na ile iliyokuja nayo.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Sindano imeshikwa na kijiti chembamba, na kijiti kimeshikwa na kipande cha mpira. Mpira huo ni springi. Mkono na katriji ni mzigo uliokaa juu ya springi hiyo, na mzigo wowote juu ya springi una kasi yake ya kucheza, kama gari lililokwisha shokomzoba. Ulaini wa mpira huo, ambao kwenye karatasi utauona umeandikwa komplayansi, pamoja na uzito wa mzigo, ndivyo vinavyoamua kasi hiyo.

Sasa, santuri inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika na imepinda mahali pamoja, inauinua mkono mara moja kila mzunguko, yaani 0.56 Hz (Hz ni mara ngapi kwa sekunde). Mikunjo midogomidogo inafika 5 au 6 Hz. Muziki wenyewe unaanzia 20 Hz hivi. Tunataka kasi ya kucheza ya mkono wetu ikae katikati, mahali pasipo na mtu: kati ya 8 na 12 Hz. Ikishuka chini ya hapo, kila mkunjo unausukuma mkono kama mtoto kwenye bembea. Ikipanda sana, besi inachafuka na mkono unatetemeka na muziki.

Kazi yenyewe

1. Andika uzito wa mwendo wa mkono wako. Huu si uzito unaoupata ukiung'oa mkono na kuuweka kwenye mizani. Ni uzito ambao sindano inauhisi inapotaka kuusogeza mkono, nao hutolewa na mtengenezaji. Mkono wa Technics SL-1200MK2 ni gramu 12 pamoja na hedisheli yake ya gramu 7.5. Mikono ya Rega ya kawaida ni kama gramu 11. Chini ya 10 mimi nauita mwepesi. Kuanzia 10 hadi 18 hivi ni wa kati. Zaidi ya hapo mzito. Usibahatishe kwa macho, maana wapo wanaodhani mkono wenye umbo la S lazima uwe mzito, na si kweli.

Kama umebadilisha hedisheli, toa uzito wa ile ya zamani na ujumlishe wa mpya. Si hesabu ya kisonara, lakini inakaribia vya kutosha.

2. Andika uzito wa katriji, kisha skrubu na nati zake. Ortofon 2M Red ni gramu 7.2. Audio-Technica AT-VM95E ni 6.1. Denon DL-103 ni 8.5. Skrubu na nati za chuma, kadiria gramu 1.

3. Tafuta ulaini wa katriji, na uangalie ulipimwa kwa Hz ngapi. Hapa ndipo wengi wanapozama, kwa hiyo soma taratibu.

Namba ya ulaini huandikwa kwa µm/mN au kwa 10⁻⁶ cm/dyne. Usihangaike kugeuza, ni namba ileile. Tabu ni kwamba watengenezaji wengi wa Ulaya hupima kwa 10 Hz, na wengi wa Japani hupima kwa 100 Hz. Mpira uleule ukipimwa kwa 100 Hz huonekana mgumu zaidi. Basi ukiona namba ya Kijapani ya 100 Hz, izidishe kwa 1.5 hadi 2 ndipo uitumie. Kuna na namba ya tatu, ile ya kupimwa mpira ukiwa umetulia tu, bila kuchezeshwa. Hiyo huwa kubwa mno, igawe kwa mbili.

AT-VM95E inafundisha vizuri kwa sababu karatasi yake ina zote mbili: 20 ya kutulia na 7 ya 100 Hz. Asiyejua huchukua 20 na kusema katriji hii ni laini kama 2M Red. Si kweli. Nusu ya 20 ni 10. Na 7 ukiizidisha inakupa kati ya 10.5 na 14. Tuseme 12, nayo ni katriji ya ulaini wa kati.

4. Piga hesabu. Jumlisha uzito wa mwendo, katriji na skrubu. Zidisha kwa ulaini. Tafuta kipeuo cha pili. Kisha chukua 159 ugawe kwa jibu hilo. Umepata Hz.

Tuchukue SL-1200MK2 kwa sababu ndiyo pleya ninayoulizwa zaidi:

- 2M Red: 12 + 7.2 + 1 ni 20.2. Mara ulaini wa 20 ni 404. Kipeuo chake ni 20.1. 159 kwa 20.1 ni 7.9 Hz. Iko mlangoni kabisa. Inafanya kazi, ila usiiongezee uzito wowote.
- AT-VM95E: 12 + 6.1 + 1 ni 19.1. Mara 12 ni 229. Kipeuo ni 15.1. Jibu ni 10.5 Hz. Katikati ya uwanja.
- DL-103: karatasi inasema 5, kwa 100 Hz. Tuifanye 10. 12 + 8.5 + 1 ni 21.5, mara 10 ni 215, kipeuo 14.7, jibu 10.8 Hz. Ukizidisha kwa 1.5 badala ya 2 utapata 12.5. Inakubalika.

Angalia ile DL-103 tena. Kama ungechukua 5 vilevile ilivyoandikwa, ungepata zaidi ya 15 Hz na ungeikimbia bure. Nimeona watu wakiuza katriji nzima kwa sababu ya kosa hili la karatasi.

Sasa iweke DL-103 hiyohiyo kwenye mkono wa gramu 6: jumla 15.5, mara 10 ni 155, jibu ni 12.8 Hz, na ukitumia 1.5 inafika 14.7. Hapo haipafai. Katriji hii ilibuniwa Japani miaka ya 1960 kwa ajili ya studio za NHK, shirika la utangazaji la huko, na ugumu wa mpira wake unataka mkono wenye kifua.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la upande wa pili. Nilinunua katriji kuukuu laini mno, ulaini wa 35, nikaifunga kwenye mkono wa gramu 12 kwa sababu niliambiwa ni "ya wakubwa". 12 + 6 + 1 ni 19, mara 35 ni 665, jibu 6.2 Hz. Sikujua hesabu wakati huo. Nilichojua ni kwamba santuri za taarab za mjomba, zilizokaa miaka juu ya kabati chini ya bati, ziliufanya mkono uende kama dau kwenye mawimbi. Nilizilaumu santuri mwaka mzima.

5. Jibu lisipokupendeza, usikimbilie kununua. Kati ya 7 na 8, au 12 na 13, jaribu kwanza; kanuni hii ni ya makadirio. Ikiwa umepata Hz nyingi mno (katriji ngumu, mkono mwepesi), ongeza uzito mbele: hedisheli nzito zaidi, au kibati chembamba kati ya hedisheli na katriji. Ikiwa umepata Hz chache mno, punguza: hedisheli nyepesi, skrubu za alumini. Kupunguza ni kugumu kuliko kuongeza, ndiyo maana mwenye mkono mzito ajihadhari zaidi na katriji laini. Ukikuta 6 au 15, hapo tafuta katriji nyingine.

Wenye pleya za T4P, zile ambazo katriji huchomekwa mbele ya mkono na kukazwa kwa skrubu moja ya ubavuni, nyinyi hamna hesabu. Kiwango kilishapangwa: katriji ya gramu 6, mkanyago wa 1.25. Nunua inayosema T4P, chomeka, cheza.

6. Hakikisha na umeme wake unakubaliana. Kuna katriji za MM, ambazo ndani yake sumaku ndiyo inayocheza, na za MC, ambazo nyuzi za waya ndizo zinazocheza. 2M Red na AT-VM95E ni MM, zinatoa 5.5 mV na 4.0 mV, na zinachomekwa kwenye tundu lolote la fono (tundu la pleya kwenye amplifaya) lenye mzigo wa kiloomu 47. DL-103 ni MC, inatoa 0.3 mV tu, mara 18 chini ya 2M Red. Ukiichomeka kwenye fono ya MM utafungua sauti mpaka mwisho usikie mvumo wa umeme kuliko mwimbaji. Inataka fono yenye MC, au transfoma ya kupandishia. Bei ya hicho kifaa ihesabu kabla ya kuinunua katriji.

Kwa MM angalia pia pikofaradi za waya, yaani kipimo cha umeme ambao waya unauhifadhi. 2M Red inataka 150 hadi 300 kwa jumla, AT-VM95E inataka 100 hadi 200. Waya mrefu huongeza, na zikizidi sauti za juu zinakuwa kali, "s" zinakwaruza sikio. Tumia waya mfupi.

7. Funga katriji. Zima amplifaya. Kama sindano inachomoka, ichomoe uiweke kando. Kama haichomoki, kama kwenye DL-103, acha kifuniko chake mahali pake hadi mwisho. Waya za hedisheli zina rangi nne: nyeupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Shika kile kishikizo cha chuma kwa kibano, usishike waya. Waya ukikatika kwenye mkono usiochomoka hedisheli, umejitafutia kazi ya fundi.

Onyo: usichomee risasi kwenye pini za katriji. Joto linapita hadi kwenye nyuzi za ndani na katriji imekwisha.

Skrubu zikaze kiasi tu, katriji iweze kusogezwa kwa kidole.

8. Sawazisha mkono, kisha weka mkanyago. Antisketi (kile kinachouzuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri) iwe sifuri. Rudisha sindano, ondoa kifuniko, zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe sambamba na santuri, haupandi wala haushuki. Geuza kile kipete chenye namba, chenyewe tu, kiwe sifuri, kisha zungusha uzito wote hadi namba ya mtengenezaji: 1.8 kwa 2M Red, 2.0 kwa AT-VM95E, 2.5 kwa DL-103. Hakikisha kwa mizani. Kipete cha pleya kuukuu husema uongo bila haya.

Mkono ukikataa kusawazika hata uzito ukiwa mwisho kabisa wa nyuma, katriji au hedisheli ni nzito mno. SL-1200 ina uzito wa ziada wa kuchomeka nyuma kwa kazi hiyo, ingawa kwenye pleya za mitumba huwa umepotea. Kwa katriji nyepesi mno tabu ni kinyume chake, na dawa ni hedisheli nzito.

Kosa la kila mtu: kupunguza mkanyago "nisiumize santuri". Sindano iliyo nyepesi mno haikai kwenye mfereji, inarukaruka na kuzigonga kuta. Inaumiza kuliko inayokanyaga sawasawa.

9. Panga nafasi na pembe. Kwenye SL-1200 njia ya kiwandani ni kupima milimita 52 kutoka ncha ya sindano hadi kwenye mpira wa nyuma ya hedisheli, pale inapokutana na mkono. Karatasi nyingi za kupangia hutumia mpango wa Baerwald, wenye nukta mbili: milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati. Mipango hii miwili haiafikiani, kwa hiyo usishangae, chagua mmoja. Kwa mwenye santuri ndogo za 45, ambazo muziki wake unakwisha karibu na katikati, mimi nabaki na 52.

Unapotazama karatasi, panga kwa kile kijiti cha sindano, si kwa mwili wa katriji. Mara nyingine kijiti kimekaa upande kidogo tangu kiwandani. Ukimaliza kaza skrubu kidogokidogo kwa zamu, kisha pima tena, na mkanyago pia upime tena, kwa sababu kuisogeza katriji kunaubadilisha.

10. Kimo cha mkono, kisha antisketi. Sindano ikiwa juu ya santuri, mkono uwe sambamba nayo. SL-1200 ina pete ya kupandisha na kushusha. Mikono ya Rega haina, unatia vipande vya kuinulia chini yake. Antisketi anza kwa namba sawa na mkanyago.

11. Jaribu. Weka ile santuri iliyopinda, sauti ndogo, umulike kwa tochi kutoka ubavuni. Tazama nafasi kati ya tumbo la katriji na santuri. Mkono ukipanda na kushuka na mkunjo, nafasi ikabaki ileile, umefaulu. Nafasi ikifumba na kufumbua, au mkono ukaendelea kutikisika baada ya mkunjo kupita, rudi hatua ya 4.

Mambo yanapokwenda kombo

Wufa inapiga mbizi bila muziki: Hz chache mno, au santuri imepinda kupita kiasi. Kama fono yako ina swichi ya kukata besi za chini kabisa, iwashe. Inaokoa wufa ingawa haitibu ugonjwa.

Sauti upande mmoja tu: waya mmoja haujakaa kwenye pini. Chomoa hedisheli, safisha pini zake nne za nyuma kwa spiriti, rudisha.

Besi imekuwa nyembamba, waimbaji wanaelea hujui wapi walipo: umegeuza chanya na hasi upande mmoja. Angalia rangi tena.

Sauti inachakaa mwishoni mwa santuri, mwanzoni ni safi: pembe. Rudi hatua ya 9. Kama santuri yenyewe ni kuukuu na imechezwa na sindano butu kwa miaka, uchakavu huo uko kwenye mfereji na hakuna katriji itakayoutoa.

Sindano inaelekea katikati ikiruka: antisketi ndogo mno, au mkanyago mdogo. Inaruka kurudi nje: antisketi imezidi. Inaganda mahali palepale kila mara: uchafu, osha santuri kabla hujagusa kitu kingine.

Hesabu ni nzuri, vipimo ni vizuri, na bado mkono unatikisika: angalia kama kuna sarafu iliyobandikwa juu ya hedisheli. Pleya nyingi za wazee zinakuja hivyo, shilingi moja na utepe, dawa ya zamani ya santuri inayoruka. Ibandue, futa gundi, uanze upya hatua ya 8.